Ukuta wa Msaragambo

Mdogo wangu aliporudi Same akichechemea, goti limefungwa bandeji, nilidhani amekuja kupumzika. Alikuwa amewapandisha wageni Kilimanjaro kwa miaka, kwanza akiwa mbeba mizigo, baadaye mwongozaji, mpaka goti likamgomea na daktari akamwambia mlima basi. Nikampikia makande, nikamtandikia chumba cha nyuma, nikamwambia atulie. Alitulia kwa muda mfupi sana. Asubuhi moja alikuja barazani ninaposhonea, akasimama mbele ya cherehani yangu akinizibia mwanga, akasema, "Dada, nataka kujenga mlima ndani ya ghala la baba."

Nilimwambia kwanza aondoke kwenye mwanga wangu, ndipo tuzungumze habari za wendawazimu.

Ghala lenyewe liko karibu na reli. Marehemu baba alilinunua shamba la mkonge lilipofungwa, akiwa na mipango mikubwa ambayo hakutimiza hata mmoja, Mungu amrehemu. Kuta zake ni za mawe, nene, zimekwenda juu, na mpaka leo ukichokonoa nyufa utatoa nyuzi za katani. Siku zile wapangaji wake walikuwa popo na mbuzi wa jirani. Ukisimama mlangoni, milima ya Upare yote iko mbele yako, wazi, haina kiingilio. Ndiyo maana nilimuuliza mdogo wangu kama ugonjwa wa goti umepanda kichwani.

"Sisi milima tumezaliwa juu yake," nilimwambia. "Tumebeba kuni juu yake, tumebeba maji, tumeishuka kwenda mnadani na kuipanda tukirudi na chumvi kichwani. Nani mwenye akili zake atakuja mjini kupanda mwingine?"

Akanieleza. Huko Moshi aliwahi kuona shule yenye ukuta wa kupandia ndani ya jengo, una vishikizo vya rangi, watoto wanaukwea kwa mikono na miguu, chini pametandikwa magodoro. Kuna timu, kuna mashindano. "Na wale watoto, dada, hata mparachichi hawajawahi kuupanda. Wetu je?" Alikuwa anaongea kwa macho kuliko kwa mdomo, na nilikuwa sijaona macho yale tangu arudi. Nikamuuliza anataka nini kwangu. Akasema anataka nishone foronya za magodoro. Hivyo ndivyo nilivyoingia, kwa foronya, na sijatoka mpaka leo.

Tatizo lilikuwa baba yetu mdogo. Tangu baba afariki, yeye ndiye msimamizi wa mali ya familia, na yeye anaishi juu Myamba ambako analima tangawizi. Mvua ikiharibu barabara ya mlimani, tangawizi yake inaozea kule juu huku wanunuzi wamepaki malori barabara kuu wakingoja. Alikuwa analitaka ghala kwa ajili ya magunia yake, na sitasema uongo, alikuwa na hoja. Tulipanda Myamba kumwomba, mdogo wangu akiwa na fimbo yake na mimi nikiwa na kitambaa cha suruali cha kumlainisha.

"Shikamoo baba."

"Marahaba wanangu. Goti linaendeleaje?"

"Linaendelea, baba."

Mdogo wangu akaeleza jambo lake mwanzo mpaka mwisho. Baba mdogo alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kikombe cha chai ya tangawizi mkononi. Halafu akasema, "Kwa hiyo unataka watu wapande mahali ambapo hawaendi kuchukua kitu."

"Ndiyo, baba."

"Na wakishafika juu?"

"Wanashuka."

Jikoni mama mdogo akaangua kicheko mpaka akaangusha kifuniko cha sufuria. Baba mdogo hakucheka. Alimaliza chai yake, akakipokea kile kitambaa cha suruali, akakishikashika kama mtu anayejua nguo, ndipo akatoa hukumu. Alitupa muda mpaka tangawizi ya msimu unaofuata itakapoanza kuchimbwa. "Nikiona ni kazi ya watu, ghala lenu. Nikiona ni mchezo wa mtu mmoja, nashusha magunia." Na kitu kingine: hataki kusikia tumeita mafundi. Tufanye msaragambo.

Kwetu msaragambo ni kazi ya wote. Linapulizwa baragumu, kila kaya inatoa mtu, na kila mtu anakuja na jembe lake au sururu yake. Ndiva za kukusanyia maji ya kumwagilia zilichimbwa hivyo, mifereji ilichimbwa hivyo, barabara na shule vivyo hivyo. Asiyetokea analeta jogoo, na jogoo huyo wanapikiwa waliofanya kazi. Hiyo ndiyo faini yake. Lakini angalia hapa: usipokwenda kumsaidia jirani kuezeka banda lake mwenyewe, utasemwa tu, hutozwi hata yai. Faini ni ya kazi ya wote. Nilikuwa nalijua hilo tangu utotoni, kama ninavyojua kutia uzi kwenye sindano, na sikulifikiria zaidi.

Siku ilipofika, kijana mmoja alipuliza baragumu karibu na stendi ya Same, na abiria kadhaa wakakimbilia mabasi wakidhani wanaachwa. Lori lilishuka kutoka Myamba limejaa watu wanaoimba. Wengine walitoka kijiji cha Bombo. Majirani wa mjini nao walikuja: mama anayekaanga maandazi, fundi baiskeli, na mzee wa duka la vitambaa ninakonunua kanga, ambaye alifunga duka lake akaja na kanzu yake safi na nyundo. Mimi nilikuwa nimeinjika makande tangu alfajiri katika masufuria ya kuazima ya kanisani. Nilifurahi mno siku ile. Nilikuwa nazunguka na mwiko mkononi nikigombeza kila mtu, na mimi nikigombeza watu ujue nina raha.

Mdogo wangu alikuwa ameomba kila kaya ije na jiwe moja lenye ukubwa wa ngumi, litakalochomekwa ukutani, nusu ndani na nusu nje, kwa saruji. Ukubwa wa ngumi! Mpare gani atakuja mbele za watu na jiwe la ukubwa wa ngumi, aonekane mvivu? Walikuja na mawe ya kukalia. Mama wa maandazi alikuja na lake kwenye toroli, amelisugua kwa maji na sabuni.

Kisha likaja kosa lenyewe, ambalo mpaka leo nikilikumbuka nacheka peke yangu kwenye cherehani. Wazee waliotoka Myamba wamejenga ngazi za mawe za mashambani tangu ujana wao, na njia ya kupanda wanaijua. Walimsikiliza mdogo wangu kwa adabu, wakaitikia kwa vichwa, wakageuka wakafanya wanavyojua. Kwetu njia ya kupanda hupimwa kwa hatua ya aliye mzee kuliko wote, ili asibaki nyuma. Wakaangaza macho, wakamwona bibi mmoja jirani yetu, mfupi, amekaa kwenye debe akipepeta maharage. Wakamwita. Wakamsimamisha ukutani, wakamwambia anyanyue mguu. Pale mguu ulipofika bila kuguna, wakaweka alama ya mkaa. Wakamwambia anyanyue na mkono. Alama. Basi ukuta mzima ulipimwa kwa bibi yule. Mdogo wangu alikuwa anazunguka kwa fimbo yake akisema, "Wazee wangu, inatakiwa iwe ngumu," na mmoja wao akamjibu bila hata kugeuka, "Kijana, nani anajenga njia ngumu?"

Mdogo wangu akaenda kuchanganya saruji.

Saruji ilipokauka na magodoro yalipotandikwa, tuliita watu kuuzindua. Bibi akasema ukuta umepimwa kwake, basi atangulie yeye. Alivua kandambili, akafunga kitenge kiunoni vizuri, akapanda. Alipanda taratibu, jiwe kwa jiwe, akisimama kupumzika palipompendeza, mpaka akashika boriti ya paa. Akaangalia huku, akaangalia kule.

"Huku juu kuna nini?" akauliza.

"Hakuna kitu, bibi," mdogo wangu akamjibu kwa sauti ya mtu aliyefiwa.

"Basi nishusheni."

Watu walipoondoka nilimkuta mdogo wangu amekaa kwenye godoro, ameshika tama. "Dada," akasema, "wamenijengea ngazi." Nilicheka mpaka nikakaa chini, machozi yananitoka, na yeye mwishowe akacheka, kwa shida. Nikamuuliza kama anataka kung'oa mawe. Tukatazamana. Bibi alikuwa ameshatangaza kwamba atapita kila Ijumaa kuliangalia jiwe lake. Mama wa maandazi alikuwa ameleta mpaka shemeji zake kutoka Lembeni waone la kwake. Ng'oa moja uone, nilimwambia, utahama mji huu.

Kuna mtu mmoja tu ambaye hakuwa na jiwe pale ukutani, naye ni baba mdogo. Siku ya msaragambo alituma ujumbe kwamba ana malaria. Mama mdogo, ambaye hajui kudanganya, aliniambia kwamba siku hiyohiyo alikuwa shambani akipalilia. Nilikasirika. Yeye ndiye aliyetuambia tufanye msaragambo, halafu yeye ndiye hakutokea, na hakuna aliyethubutu kumtaja jogoo mbele ya mzee mwenye ghala. Nilielewa maana yake: kwake kazi ile ilikuwa ya mdogo wangu peke yake, na mchezo wa mtu mmoja hauna faini.

Watoto walikuja kwa wingi wiki za mwanzo, wakapanda, wakashuka, wakachoka. Ngazi ni ngazi. Aliyebaki ni binti mmoja wa Bombo, mwembamba, anayesoma sekondari hapa mjini na kukaa kwa dada yake. Alikuwa akitoka shule anapitia barazani kwangu kuokota vipande vya vitambaa chini ya cherehani, sijui vya nini. Siku moja nilimfuata nijue. Nilimkuta ghalani anabandika vipande vya kitenge chekundu kwenye mawe kwa gundi ya viatu, jiwe hili na lile, mengine anayaruka.

"Shangazi," akasema, kwa maana mdogo wangu ni kocha basi mimi nimekuwa shangazi wa Same nzima, "nakanyaga yenye kitenge tu. Mengine ni marufuku."

Akapanda. Mawe yale yale ya bibi, lakini sasa kutoka moja kwenda jingine ilimbidi ajinyooshe kama mtu anayeanua nguo kwenye kamba ya jirani, aninginie kwa mkono mmoja, atafute kwa kidole cha mguu. Akaanguka. Akapanda tena akiwa anacheka. Nilimwita mdogo wangu, naye aliposimama pale na fimbo yake akiangalia, niliyaona tena yale macho. Aliniambia kwamba huko Moshi nako wanafanya hivyohivyo, wanachagua vishikizo kwa rangi. Binti alikuwa amevumbua mwenyewe kwa vitambaa vya kuokota.

Toka siku hiyo tukawa na njia ya kitenge chekundu, njia ya kanga, njia ya khaki ya sare za shule. Watoto wakarudi. Lakini kabla wiki haijaisha, mama wa maandazi akaja amenuna. Jiwe lake halikuwa na kitambaa chochote. "Limekosa nini jiwe langu?" Mdogo wangu akajaribu kumweleza ufundi, nikamfinya anyamaze. Tulikubaliana kwamba njia zitabadilishwa kila wiki, na kila jiwe la kila kaya litapata zamu yake. Sasa mengine yako pembeni kabisa, mengine yako juu ya mlango, alikolichomeka fundi baiskeli kwa sababu zake mwenyewe. Kuyaunganisha yote bila kumuudhi mtu kulimfanya mdogo wangu asilale. Njia zikawa za ajabu, ngumu, zinakwenda kombo, zinarudi, zinapita juu ya mlango. Watoto wakawa na vidole vya chuma. Nikisema ukuta wetu ulikuwa mgumu kwa sababu ya kuheshimiana na majirani, watu wa nje hawanielewi.

Hatukuwa na mengi. Ile chaki ya mikononi tuliijaribu kwanza kwa unga wa muhogo, panya wakafurahi, tukaacha, tukaponda chaki za ubaoni. Wazazi kadhaa hawakutaka mabinti wavae nguo za kubana, nami nikasema nani kasema zitabana, nikashona suruali pana zenye mpira vifundoni, na kwa mjukuu wa mzee wa duka nikashona na ushungi wa kitambaa hichohicho, usiofunguka hata ukining'inia kichwa chini. Timu ilikuwa ndogo, na ilikuwa na desturi yake ambayo hakuna aliyeiweka: aliyefika juu haondoki. Anashuka, anasimama chini, anamwelekeza anayefuata. "Kulia! Mguu wa kushoto, juu kidogo, hapohapo!" Hakuna anayekwenda nyumbani mpaka wa mwisho amefika. Walikuwa wameikuta hivyo kwenye misaragambo ya makwao, mtu haweki jembe lake begani wakati mwenzake bado ana tuta.

Tangawizi ilipokaribia kuchimbwa, mwongozaji mmoja aliyefanya kazi na mdogo wangu zamani alipiga simu kutoka Moshi. Kulikuwa na mashindano ya vijana kwenye ile shule yenye ukuta wa kisasa, na tulikaribishwa. Mdogo wangu akamjulisha baba mdogo, naye akajibu kwamba atakuja kuona kwa macho yake, halafu ataamua. Basi wote tulijua. Watoto walijua. Safari ile ilikuwa ya ghala.

Niliwashonea fulana za vipande vya vitambaa vyote vya njia zetu, na tulipoingia kule watu waligeuka. Ukuta wao ulikuwa mrefu, laini, vishikizo vinang'aa kama pipi. Mwamuzi, dada mpole mwenye filimbi, alieleza masharti: kila mmoja anapanda peke yake, wanaosubiri wanakaa chumba cha pembeni wasione njia, na aliyemaliza anakaa kwenye benchi kimya. Watoto wetu waliitikia kwa vichwa, kwa adabu. Ningekuwa na akili ningekumbuka nani mwingine niliyemwona akiitikia kwa kichwa namna ile.

Binti wa Bombo alitangulia. Alipanda kama mtu anayekwenda kisimani kwao, hana haraka, akagusa juu kabisa, watu wakapiga makofi. Mdogo wangu alinishika mkono akaniumiza. Baba mdogo alikuwa amekaa benchi la mbele, kofia magotini, ametulia. Binti akashuka, akakaa. Aliyefuata alikuwa msichana wa timu ya wenyeji. Alifika katikati, mguu ukaanza kutetemeka, mkono unatafuta na haupati.

"Dada, kushoto!" Binti wa Bombo alikuwa ameshasimama. "Kushoto, chini ya kiwiko! Kuna kidogo, kishike!"

Filimbi ikalia. Mwamuzi akamwonya. Binti akaomba radhi, akakaa. Baada ya zamu za wetu kadhaa akaja mvulana wa timu nyingine, akakwama pagumu palepale, na safari hii walisimama wetu wote waliokuwa wamemaliza, mjukuu wa mzee wa duka akiwa mbele na ushungi wake. "Kushoto! Kushoto! Kaka, usiangalie juu, kushoto!" Walikuwa wanaelekeza kwa mikono kama wanaopokea gari linalorudi nyuma. Yule mvulana akafuata, akafika, akawapungia mkono. Filimbi ililia mpaka ikakosa pumzi.

Tuliondolewa. Timu nzima. Mwamuzi alikuja kutueleza kwa upole kabisa, na masharti yalikuwa upande wake, lakini mimi si mtu wa kunyamaza. Nilimuuliza ni mashindano gani ambayo mtoto akimwona mwenzake anaanguka anatakiwa akae kimya. Akasema hayohayo, mama. Watoto walikuwa wanalia. Mdogo wangu alikuwa ameegemea ukuta ule laini.

Baba mdogo akaja polepole. "Wamekosea nini?"

"Wamewaonyesha wapinzani njia," nikamwambia.

"Hilo ndilo kosa?"

"Ndilo hilo, baba."

Akavaa kofia yake. Akatangulia nje.

Kurudi tulikuwa kama tunatoka mazishini. Tulipofika Lembeni baba mdogo alimwambia dereva asimame, akashuka, akawanunulia watoto wote mahindi ya kuchoma, akarudi kiti cha mbele. Tulikuwa tunakaribia Same alipogeuka akamtazama binti wa Bombo.

"Wewe. Ulijua yule msichana ni mshindani wako?"

"Nilijua, babu."

"Sasa kwa nini ulimwambia?"

Binti alimeza mahindi yake kwanza. "Mimi nilikuwa nimeshafika."

"Ahaa," akasema baba mdogo, akageuka mbele. Nilimchukia kwa ile ahaa. Niliona ni ya mtu aliyeshapata sababu aliyoitaka.

Jumamosi iliyofuata tulisikia lori likikata kona. Mdogo wangu alichungulia, akarudi ndani, akaanza kukunja magodoro bila kuniangalia. Nikatoka na mkasi wangu mkononi, nimejaa maneno mpaka kooni. Lori lilikuwa limesheheni magunia ya tangawizi, harufu yake imefika kabla yake, na juu ya magunia walikaa watu wa Myamba. Nilikuwa nimeshafungua mdomo baba mdogo alipofungua mlango wa mbele, akateremka kwa tahadhari, akiwa amekumbatia kwapani jogoo mwekundu aliyefungwa miguu.

Nilimtazama jogoo, nikamtazama yeye, nikaushusha mkasi. Ni mtu gani analeta jogoo kwa mchezo wa mtu mmoja?

"Shika," akasema. "Mimi sikutokea siku ile."

"Ulikuwa na malaria, baba," nikasema.

"Malaria gani? Kachemshe maji ya kumnyonyolea."

Magunia yalikuwa njiani kwenda kwa mnunuzi, barabara kuu. Walichoshusha kwetu ni jiwe moja pana, limelainika katikati kwa kukanyagwa. Nililijua kabla hawajaliweka chini. Lilikuwa mlangoni pa nyumba ya babu kule Myamba, kizingiti alichokanyaga baba yangu na huyu mdogo wake tangu wanajifunza kutembea. Walilichomeka chini kabisa ya ukuta, katikati, kwa saruji ya kuganda upesi, huku watoto wakiwaelekeza wazee nao wazee, ajabu, wakiwasikiliza. Tulikubaliana palepale kwamba hilo halitakuwa marufuku hata siku moja. Kila njia inaanzia hapo.

Jogoo alikuwa amezeeka, alichemka mpaka alasiri. Watoto wakapanda wote, mmoja mmoja, wakielekezana. Saruji ilipokaza, baba mdogo alimgeukia mdogo wangu. "Na wewe? Mimi sijakuona ukipanda."

Ni kweli. Alikuwa hajaupanda ule ukuta hata mara moja. Goti lisingekubali njia za vitambaa, na ngazi ya bibi alikuwa ameionea aibu. Alitaka kukataa. Binti wa Bombo alimnyang'anya fimbo. "Kocha, bila marufuku. Mawe yote."

Akaweka mguu kwenye kizingiti cha babu. Akashika jiwe la bibi. Ukuta uliopimwa kwa bibi kizee ulimfaa vilevile mtu mwenye goti bovu, na hilo hatukuwa tumeliwaza, hakuna hata mmoja wetu. Alipanda akiuma midomo, na chini watoto walikuwa wanapiga kelele, kulia, kushoto, hapohapo kocha, na mimi nilikuwa nalia waziwazi na mwiko mkononi. Alipita jiwe la mama wa maandazi. Alipita la mzee wa duka. Akaishika boriti.

Baba mdogo akainua uso. "Huko juu kuna nini?"

"Hakuna kitu, baba!" Alikuwa anacheka, na sauti yake ilijaa ghala zima.

"Basi shuka," akasema baba mdogo. "Jogoo ameiva."